Vyuma vya Msimu wa Pili

Nilipokabidhi funguo za chumba cha vifaa zilikuwa tisa. Nilizihesabu mbele ya Divine, anayeshika nafasi yangu, kisha nikazihesabu tena, naye akanitazama kama mtu anayemwona babu yake akitafuta miwani iliyo usoni pake.

"Mzee Barasa, ni tisa," akasema. "Zilikuwa tisa hata pale mwanzo."

Ndiyo. Lakini mara ya kwanza unahesabu funguo, mara ya pili unahesabu kama ulihesabu vizuri. Hizo ni kazi mbili.

Tangu siku hiyo situlii. Naamka saa kumi na moja asubuhi hapa Hallonbergen, pembeni mwa Stockholm, mke wangu amelala, hakuna barafu inayonisubiri wala kiatu cha kunoa. Nimeshapanga vikombe vya nyumbani kwa ukubwa, halafu kwa rangi, halafu nikavirudisha kwa ukubwa. Mke wangu amesema nikigusa tena kabati lake ataniandikisha kwaya ya kanisa, na sauti yangu anaijua, kwa hiyo ni tisho la kweli. Basi naandika. Nawaandikia ninyi mlioshika mashine za kunoa sasa, Divine na wenzake ambao nasikia mmeingia kwenye viwanja vya barafu huku na huku, na mnapigiana simu kwa Kiswahili kuulizana mambo ambayo Wasweden wameyaandika kwenye vitabu visivyofunguliwa na mtu. Nani alipandishwa cheo, nani alipata mshahara gani, hayo hamtayakuta hapa. Mtakuta viatu.

Viatu nilivijua kabla ya kuijua barafu. Niliuza mitumba soko la Gikomba, Nairobi, viatu vya kiume, na huko ndiko nilikojifunza kuhesabu mara mbili. Siku moja nilimuuzia mwalimu jozi ya ngozi nyeusi, safi kabisa, tukavutana bei nusu saa nzima na kila mmoja akaondoka akidhani ameshinda. Alasiri akarudi nayo. Vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kushoto. "Nina mguu wa kulia pia," akaniambia kwa upole, "na nimeuzoea." Tangu siku hiyo kila jozi hupita mikononi mwangu mara mbili.

Stockholm nilimfuata mke wangu aliyekuja kusoma. Nilipomaliza darasa la lugha nikapata kazi ya kufagia majukwaa kwenye uwanja wa hoki ya barafu. Sikuwahi kuona mchezo ule. Siku ya kwanza nilidhani wanagombana na kwamba mpira umepotea, kumbe hakuna mpira, kuna kisahani cheusi kinachokwenda kasi kuliko macho yangu. Mwisho wa wiki nilikuta sanduku la glavu zilizosahauliwa, nikaketi nazipanga, kushoto huku, kulia huku. Mzee mmoja akasimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Huyo ndiye Rune, mtu wa vifaa wa klabu.

"Umezihesabu?" akauliza.

"Mara mbili."

Akanywa kahawa yake, akaondoka. Jumatatu nikaambiwa niache ufagio niende chumba cha vifaa.

Rune alinifundisha kwa maneno machache hivi kwamba nikiyaandika yote hayajazi ukurasa. Pindua kiatu, alisema, tazama chuma kilichofungwa chini yake. Mtu hasimami juu ya chuma. Katikati ya chuma kuna mfereji mdogo, na huo mfereji unaacha makali mawili, la ndani na la nje. Mtu anasimama juu ya makali hayo. Mfereji ukiwa na kina, kiatu kinauma barafu. Ukiwa bapa, kinateleza kwa raha lakini hakikushiki. Kila mchezaji ana kina chake, na ukikikosea kwa unene wa kucha atakuja kukuita majina. Ukimaliza kunoa, laza kipande cha chuma kilichonyooka juu ya makali mawili, kishike kwenye mwanga uone kama kimelala sawa. Kama hakikulala sawa, rudia. Usimwambie mchezaji "kidogo tu". Barafu haina kidogo tu.

Na kila mchezaji ana kadi yake ukutani. Kila ukimnolea, unaweka alama. Alama zikifika sitini, vyuma vinatupwa, unafunga vipya, kwa sababu kila ukinoa unakula chuma kidogo. Ikifika Agosti, kadi zote zinachanwa. Msimu mpya, vyuma vipya, kadi mpya. Rune alizichana kwa furaha, ndiyo ilikuwa sherehe yake ya mwaka. Shikeni hapo pa kadi, nitarudi.

Kesi ngumu ya kwanza nilipewa mwezi wangu wa tatu kazini. Beki mmoja mkubwa kama friji alilalamika mguu wa kushoto unateleza. Nikamnolea. Akarudi. Nikamnolea tena, mara sita kwa siku mbili, hadi nikaanza kuwaza labda mguu wenyewe ndio mbovu. Rune akaja, hakugusa mashine. Akamfuata yule beki hadi msalani, akarudi. "Anakanyaga saruji kwa nje ya zulia la mpira, inakula makali," akasema. "Kila mara. Hatua mbili." Basi kabla ya kuiuliza mashine, uliza kiatu kimepita wapi. Hilo ndilo somo la maana kuliko yote aliyonipa, na ndilo nililolisahau mwaka wangu wa mwisho.

Rune alistaafu akaniachia mashine. Wachezaji, kwa kuwa hapa kila jina lazima likatwe mkia, wakaniita Barre. Miaka ikapita. Nilihesabu visahani mia moja na ishirini kabla ya mazoezi na mia moja na ishirini baada ya mazoezi, na vikiwa mia moja na kumi na tisa hakuna aliyekwenda nyumbani. Nilihesabu magongo, kamba, taulo. Wakanicheka. Wakaacha kucheka siku ya fainali ya vijana ambapo sisi tulikuwa na kamba za akiba na wenzetu wakafunga viatu kwa utepe.

Sasa nifike kwa Yannick, maana huko ndiko mikono inakoniwasha.

Yannick ni mshambuliaji, mtoto wa mtaa wa Alby, mama yake Mrundi tunayesali naye. Aliingia timu kubwa akiwa na miaka kumi na tisa. Mbele ya wenzake aliniita Barre kama wote. Tukibaki wawili aliniita Mzee, akanisalimu Shikamoo, kisha mazungumzo yote yaliyofuata yakawa Kiswideni, kama wanavyofanya watoto wetu wote. Msimu wa kwanza hakuna aliyetarajia kitu kwake. Akafunga mabao kumi na moja. Saba kati ya hayo yalitokana na kitu kimoja: anazunguka nyuma ya goli la wapinzani kwa kushoto, amelala kiasi kwamba glavu karibu iguse barafu, anatokea upande wa pili kipa bado anatazama alikotoka. Niliwahi kuona watu wenye nguvu na watu wenye mbio. Sijawahi kuona mtu anayelala vile na asianguke.

Halafu msimu wa pili. Ninyi mlio wapya sikilizeni: mwaka wa kwanza mchezaji anaombwa ajitahidi. Mwaka wa pili anaombwa arudie, na aongeze. Kocha wetu, Henrik, alitaka mabao kumi na tano na pia ulinzi. Vijana wa Alby walivaa namba yake, ishirini na saba, mgongoni. Kanisani aliombewa kwa jina. Majira yote ya joto alinyanyua uzito, akaja Agosti ameongeza kilo sita, shingo kama ya mjomba wake. Na akaja na orodha ya mambo yasiyoguswa: kiti kilekile, utepe uleule wa kufunga gongo, ndizi ileile kabla ya mechi. Siku niliyokuwa nachana kadi aliingia akafunga mlango.

"Mzee, vyuma vyangu usivibadilishe."

"Vimeisha. Vimenolewa mara sitini na nane, tayari nimekuonea huruma mara nane."

"Vina mabao kumi na moja ndani."

"Mabao hayakai kwenye chuma, kijana."

"Msimu mzima, Mzee. Naomba."

"Hata mechi moja sikupi."

"Hadi Krismasi."

"Mechi mbili."

"Kumi."

Hapo nikaona ameanza kuomba kwa macho, na mimi mtu akianza kuomba kwenye bei huwa nalegea, ni udhaifu wa zamani. Tukakubaliana mechi tano. Kwa upande wake aliahidi kuacha kutupa madonge ya utepe sakafuni, jambo lililonisumbua tangu ajiunge. Tukapeana mkono. Nikachana kadi yake pamoja na nyingine, nikaandika mpya. Jina, kina cha mfereji, alama hakuna.

Mmeona? Mimi sikuona.

Mechi mbili za mwanzo alifunga moja moja. Mechi ya tano ilipopita akanitazama tu, akaokota donge la utepe ambalo hata halikuwa lake, akalitia pipani. Nikatazama kadi: alama kumi. Kadi yenye alama kumi ni kadi changa. Nikaviacha vyuma vilevile. Baada ya hapo mabao yakakoma, kisha akaanza kuanguka. Palepale, nyuma ya goli, kwa kushoto. Analala, mguu unaondoka, anakwenda kwa mgongo hadi ukutani. Wapinzani wakaanza kumsubiri aanguke. Henrik akatazama picha za video, akaita mtaalamu wa saikolojia, akaja pia kwangu.

"Barre, viatu vyake viko sawa?"

Nikatazama ukutani. "Alama ishirini na mbili. Viko sawa."

"Basi ni kichwa," akasema Henrik. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo ugonjwa huo ulikuwa na jina kabisa, waliuita mwaka wa pili, kama vile mtu anavyosema surua.

Jumapili moja baada ya ibada mama yake alinivuta pembeni, karibu na birika za chai. Mama Yannick ni mfanyakazi wa nyumba ya wazee, mwanamke asiyepoteza neno.

"Baba Barasa, wewe uko naye kila siku. Mtoto hali, halali. Akija nyumbani anakaa na viatu mapajani anavitazama. Ana nini?"

"Ni kichwa tu, Mama Yannick. Mwaka wa pili ndivyo ulivyo. Matarajio yamekuwa mengi."

"Kichwa," akarudia. Akanimiminia chai. Niliinywa yote.

Ikafika mwisho wa Oktoba. Kulikuwa na mechi moja tu kabla ya mapumziko ya Novemba, Alhamisi, nyumbani, na kila mtu alijua kwamba Ijumaa Henrik ataamua kama Yannick anabaki au anapelekwa kwa mkopo daraja la chini. Wapo wanaokwenda kwa mkopo wakarudi. Wapo ambao hoki wameiacha, sasa ni mafundi wa kufunga milango ya lifti. Mimi nilikuwa na wiki chache za kustaafu, na Divine alikuwa ameshaanza kazi ili nimwachie vizuri. Divine ni Mrundi wa mtaa wa Jordbro, aliyekulia kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, ana mikono mitulivu na mdomo usiotulia. Jumatatu asubuhi aliniita kutoka kwenye meza ya mashine.

"Mzee, njoo uone kitu."

Alikuwa amefungua chuma kimoja cha Yannick akakilaza kando ya chuma kipya kutoka kwenye boksi. Kile kipya kilisimama kama ukuta. Cha Yannick kilikuwa ukingo wa karai.

"Huyu anatelezea nini, wembe?" akasema.

"Mashine imekula sana labda. Kadi inasema thelathini na tatu."

"Thelathini na tatu tangu lini?"

"Tangu Agosti."

"Na vyuma ni vya tangu lini?"

Nikaketi juu ya ndoo ya visahani. Sitini na nane na thelathini na tatu. Nilijumlisha mara moja, na kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kujumlisha tena. Mia moja na moja. Nikajibiwa maswali yote kwa mpigo. Chuma kikiwa kifupi namna ile, mtu anayelala sana kwenye kona anafika mahali plastiki inayoshika chuma inagusa barafu kabla makali hayajauma. Mguu unaondoka. Wengine hawalali vile, wasingejua hata wakivaa vijiko. Na huyu alikuwa ameongeza kilo sita, analala zaidi kuliko mwaka jana. Kila siku nilikishika kile chuma mkononi, na kwa kuwa nilikishika kila siku sikuona kinapungua.

Divine hakunicheka. Hilo liliniuma zaidi.

Yannick alipotoka mazoezini nikamwita, nikafunga mlango kama yeye alivyoufunga Agosti. Nikamwonyesha vyuma viwili. Akavitazama muda mrefu.

"Naenda kumwambia Henrik," nikasema.

"Hapana!" Akasema kwa Kiswideni, kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akahamia Kiswahili, kile cha mama yake. "Usimwambie, Mzee. Nakuomba. Mchezaji akisema ni vyuma, wanasema anatafuta mahali pa kujificha. Wewe weka vipya, mimi nicheze, basi."

"Ni mimi nitasema, siyo wewe."

"Ni vilevile. Watasema Barre ananihurumia kwa sababu sisi ni watu wa nyumbani."

Hilo sikuwa nimelifikiria, na lilikuwa kweli.

"Wewe hukuhisi?" nikamuuliza.

Akakunja kamba ya kiatu kidoleni, akaikunjua.

"Nilihisi."

"Tangu lini?"

"Septemba. Nilifikiri ni mimi. Nilifikiri nimekuwa mzito. Na nilifikiri nikivitoa..." Akacheka, cheko lisilo na kitu ndani. "Wewe ulisema mabao hayakai kwenye chuma. Lakini na wewe ulivitazama kila siku ukavirudisha kiatuni."

Akaondoka. Mimi nikabaki nazunguka chumba kile cha hatua saba kwa nne. Biashara aliyoniletea ilikuwa nzuri, semeni mnavyotaka. Naweka vyuma vipya kimya kimya, hakuna anayejua habari ya kadi, nastaafu na keki na shangwe. Yeye anakwepa maneno ya watu. Kila upande unapata. Nimefanya biashara nyingi maishani zilizokuwa mbaya kuliko ile. Shida ni moja: Henrik aliniuliza, na mimi nikamjibu. Ijumaa angeamua akiwa na jibu langu mfukoni, na jibu lenyewe lilikuwa ile jozi ya mwalimu, vyote viwili vya kushoto.

Nikaenda ofisini kwake nikiwa na vyuma viwili, nikaviweka juu ya karatasi zake, nikaeleza. Agosti, mapatano, kadi, yote.

Henrik alivipima kwa kidole. "Miaka yote hii, Barre," akasema. "Kosa moja."

"Hapana," nikamwambia. "Makosa thelathini na matatu. Kila nilipomnolea nililirudia."

Akavisukuma vyuma pembeni. Halafu akauliza swali nililokuwa naliogopa. "Na yeye alihisi?"

"Hilo muulize yeye."

Hakusema asante wala hakunifokea. Alisema Yannick atacheza Alhamisi na vyuma vipya, na Ijumaa ni Ijumaa.

Siku tatu hazitoshi kuzoea vyuma vipya, mjue hilo, msimfungie mtu vyuma vipya katikati ya wiki kama mna njia nyingine. Unakuwa mrefu ghafla, kila kitu kiko mbali. Jumanne Yannick alitembea juu ya barafu kama mtu aliyeazima viatu vya harusi vya kaka yake. Jumatano afadhali kidogo. Hakuongea na mimi. Madonge ya utepe yalirudi sakafuni, matatu, nikayaokota bila neno.

Alhamisi nilisimama mwisho wa benchi na magongo ya akiba, mahali pangu pa siku zote, na sikuweza kusimama. Divine aliniambia mara mbili nitulie, namkanyaga. Kipindi cha kwanza Yannick hakugusa kitu. Cha pili akapewa dakika chache. Cha tatu, tukiwa nyuma kwa moja, akapata kisahani ukutani, akaingia nyuma ya goli, kwa kushoto, akalala. Nikaona watu wa upande wa pili wameshaanza kucheka. Mguu ukashika. Akatokea upande wa pili, kipa anatazama alikotoka, akapiga. Nguzo. Ile sauti ya nguzo uwanja mzima unaijua. Kisahani kikarudi katikati, mechi ikaisha vilevile.

Aliporudi benchi alipita mbele yangu. "Kimeshika," akasema, bila kunitazama.

Ijumaa Henrik alimweka ofisini dakika arobaini. Halafu akaja kwangu mwenyewe.

"Anakwenda kwa mkopo. Hadi baada ya mwaka mpya, kisha tutaona."

"Lakini vyuma..."

"Siyo vyuma. Nilimuuliza kama alihisi, akaniambia ukweli. Tangu Septemba anaanguka, anajua kuna kitu, anakaa kimya kwa sababu ya mabao ya mwaka jana. Nahitaji mshambuliaji anayekuja kuniambia. Aende mahali ambapo hakuna Barre wa kumbembeleza."

Nikawaza: mimi nimesema ukweli, yeye amesema ukweli, na tulichopata ni begi la kupanga. Nikalipanga. Magongo manne, kamba jozi sita, vyuma vya akiba jozi moja, glavu, kushoto na kulia. Nikalifungua nikalipanga tena. Kisha nikampigia mama yake, maana hilo nalo lilikuwa langu.

"Mama Yannick, nilikwambia ni kichwa. Nilikosea. Ni mimi sikuhesabu vizuri vyuma vyake."

Nilisikia maji yanachemka upande wake.

"Kwa hiyo ni kichwa," akasema. "Chako."

"Ndiyo. Changu."

"Haya. Utakwenda kumwona huko?"

"Nitakwenda."

"Basi utambebea maharage. Chakula cha huko sikijui."

Nikastaafu mwisho wa Novemba. Keki ilikuwepo, vipande ishirini na nne kwa watu ishirini na sita, msiniulize nani alihesabu. Wiki iliyofuata nilipanda treni, mwendo wa saa moja na nusu, na bakuli la maharage mapajani, nikaketi kwenye uwanja mdogo wenye ubaridi wa kupita mifupa. Hapo hakuna chumba cha vifaa cha kueleweka. Anayenoa ni fundi bomba anayejitolea. Nikahesabu kona za kushoto. Nne, hakuanguka. Mara ya pili nilipokwenda zilikuwa saba, na moja ikaingia wavuni. Mara ya tatu alitoka nje akiwa na nywele mbichi, akachukua bakuli kabla ya kusalimu, kisha akakumbuka.

"Shikamoo, Mzee. Leo nimemwambia yule fundi kwamba kali la ndani la kulia haliko sawa. Mbele ya watu wote."

"Akasema nini?"

"Akasema asante, akalirekebisha, akaharibu la kushoto." Akacheka, na safari hii cheko lilikuwa na mtu ndani. "Nikamwambia na hilo."

"Umenolewa mara ngapi?"

Nilimtega tu. Hakufikiri hata kidogo.

"Kumi na saba. Tatu zenu kule, kumi na nne zake. Mbili kati ya zake zihesabu kama moja, alikuwa anajaribu."

Tukala maharage kwenye kituo cha treni kwa kijiko kimoja. Hakuniuliza kama atarudishwa. Ila njia nzima ya kurudi sikuweza kukaa kitini, nilisimama mlangoni kama nina kituo cha kushuka.

Jana asubuhi nilikuwa kwenye kabati la mke wangu, sahani mkononi, simu ikalia. Ujumbe wa Divine.

"Mzee, Henrik ameniambia niandae nafasi ya ishirini na saba. Anarudi Jumatatu. Niandike kadi mpya?"

Nikausoma. Nikausoma tena. Nikaweka sahani mezani, mahali pasipo pake, nikamjibu:

"Usiandike mpya. Muulize mwenyewe. Hesabu anayo."